Msichana wa Paja la Kuku

Nekesa mwanangu,

Sikusalimii, maana nimekuona asubuhi hii ukinywa uji wima kama farasi wa Mzungu, na afya yako naijua kuliko unavyoijua wewe. Sasa umekwenda stesheni na baba yako kukata tikiti ya kesho, na kwa jinsi mnavyopenda kusimama njiani kumwamkia kila mtu wa Kitale, mtarudi jua limekwisha kuzama. Mimi nimekaa juu ya kitanda chako. Sanduku lako liko wazi mbele yangu, na Kukhu, bibi yako mzaa mama, yuko jikoni ananyonyoa yule kuku aliyekuletea kutoka Sirisia.

Habari za sweta, sabuni na kutolala na nywele mbichi sitaziandika. Nimezisema mwezi mzima mpaka umenikataza kufungua mdomo. Unakwenda Nairobi kusomea unesi, na huko watakuwapo wakubwa wa kukuambia unawe mikono, tena watakuambia kwa Kiingereza. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kitabu.

Si unakijua kile kitabu cha picha kilichopigwa marufuku kwetu nilipokuwa mtoto? Huwezi kukisahau, ingawa hujawahi kukiona. Nimekulea nacho. Basi kiko hapa. Kukhu alikuja nacho jana, kimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa, akakiweka mezani, akaomba chai. Leo mlipotoka nimekifungua kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, nikaona jambo lililonitoa jasho. Kabla hamjarudi ni lazima niamue: nikitie ndani ya sanduku lako, au nikirudishe kwenye kitambaa, wewe uende zako na hadithi kama nilivyokupa.

Acha nianze mwanzo, hata kama utasema unaujua.

Shule yetu ilikuwa kanisa na kanisa letu lilikuwa shule. Ni nyumba ileile moja ya udongo na nyasi. Jumapili tuliimba humo na Jumatatu tulichapwa humo. Kengele hatukuwa nayo. Kulikuwa na kipande cha chuma cha jembe la plau kilichoning'inizwa mtini, na mwalimu alikigonga kwa jiwe mpaka mbwa wa kijiji kizima wakalia. Siku moja mwalimu huyo alirudi kutoka misheni na kitabu cha watoto chenye picha za rangi, zawadi ya bibi mmoja wa Kizungu. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza mwalimu mwenyewe alikuwa anakikisia tu. Kwa hiyo alitufungulia picha, nasi tukajisomea kwa macho.

Nekesa, sijawahi kupenda kitu vile. Kulikuwa na paka aliyevaa viatu. Kulikuwa na mwanamume mnene aliyeanguka juu ya maji, na maji hayakumzamisha. Tuliteta siku nzima kuhusu maji hayo, maana barafu hatukuwahi kuiona. Lakini picha yenyewe ilikuwa ile ya mwisho. Watu wa nyumba moja wameketi mezani, katikati kuna kuku mzima aliyechomwa akawa mwekundu, paja lake moja limekwisha kukatwa. Na mwisho wa meza ameketi msichana wa umri wangu, nywele zake rangi ya mahindi makavu. Amekiinua kitu cha kahawia pembeni mwa shavu, kwa kukishika mpini, na mdomo wake uko wazi. Mlangoni amesimama mwanamke mwenye aproni, nusu yake tu ndiyo inayoonekana. Sisi watoto tulikubaliana bila ubishi: mwanamke yule ni shangazi amekuja kula, na msichana yule ameshika paja.

Wewe uliyezaliwa hapa Kitale unamla kuku mpaka mifupa, kwa hiyo huwezi kujua ilivyokuwa. Mwanamke wa kwetu hakula kuku wala yai. Alimfuga kuku, alimkimbiza uwanjani, alimnyonyoa, alimpika, akampeleka mbele ya wanaume kwa magoti, kisha akarudi jikoni kula mboga zake. Tuliambiwa kwamba mwanamke akimwonja kuku atakuwa kiguu na njia, hatatulia kwa mumewe. Mimi nilikuwa nimeshapika kuku wengi kabla ya kupata akili, na harufu yake nilikuwa naijua kama jina langu.

Basi ndugu mkubwa wa baba yangu akaja kututembelea. Baba Mkubwa huyo alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa ukoo, vyote viwili, na kila chombo nyumbani kilikaa sawa alipoingia. Akachinjiwa kuku. Mama akapika, mimi nikabeba bakuli. Nilipiga magoti, nikaweka bakuli chini, na badala ya kurudi nyuma nikatia mkono, nikachukua paja. Sikulila papo hapo. Kwanza nilishika mfupa wake, nikaliinua pembeni mwa shavu, nikafungua mdomo, vilevile kama kwenye picha. Halafu nikauma.

Baba Mkubwa tonge likamkaa mkononi. "Huyu mtoto anafanya nini?"

Nikamjibu na mdomo umejaa: "Kwenye kitabu wanakula."

Kilichofuata umekisikia mara nyingi. Jumapili baada ya ibada wazee walibaki kanisani, watoto tukafukuzwa nje, mimi nikaenda nyuma nikabandika sikio ukutani, mahali udongo ulipokuwa umebomoka. Walisema kwa muda mrefu na sauti zao zilichanganyika, sikushika neno. Kisha akasimama mtu karibu kabisa na upande wangu, na huyo nilimsikia vizuri. Alikuwa mama yangu, Kukhu yako, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Alisema: "Kitabu hiki ndicho kibaya. Kinapotosha watoto wetu. Kifungeni, kisionekane tena."

Wakakifunga. Walikitia juu kabisa, kati ya boriti na nyasi, na mtoto ambaye angethubutu hata kukitaja angeonja fimbo. Mwalimu alinyamaza, maana alikula kwa jasho la wazee wale wale.

Hadithi niliyokuwa nikikusimulia ilikuwa inaishia hapo, na ndani yake mimi nilikuwa shujaa na Kukhu alikuwa adui. Nilikuambia msichana wa kitabu alinionyesha njia, nami nikaifuata peke yangu, hata mama yangu aliyenizaa akaniacha. Tuliifanya hiyo kuwa alama yetu. Siku yako ya kwanza darasa la mtihani uliniinulia mkono pembeni mwa shavu kutoka langoni. Siku ulipoitwa kwenda kuulizwa maswali ya unesi, ukiwa umevaa viatu vya kuazima vilivyokubana, ulinigeukia ukainua mkono hivyo hivyo, na mimi nikacheka mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Nilijivunia sana, mwanangu. Sasa unaelewa kwa nini leo nilitokwa na jasho.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Unajua kwamba kabla ya kuolewa na baba yako nilikuwa yaya kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi huko nje ya mji. Nimekuambia habari za watoto wao, na bustani yao, na mbwa wao aliyelala ndani. Sikukuambia nilivyokuwa nikiitwa. Memsahib, mke wa Mzungu huyo, alikuwa na kengele ndogo ya mkono, ya shaba iliyopoteza mng'aro, yenye mpini wa mti. Ilikaa mezani kando ya chumvi. Akitaka chochote aliipiga, na mimi nilitoka nilikokuwa nikaenda nikasimama mlangoni. Nikichelewa kidogo, mpishi, mtu wa Bumula, alinipigia kelele: "We dada, kengere inaria! Si unasikia?" Jina langu walilijua, lakini kengele ilikuwa rahisi zaidi.

Mtoto wao mdogo akajifunza kuipiga kwa mchezo. Anapiga, naja; anacheka, naondoka; anapiga tena. Jioni moja aliniita hivyo mpaka miguu ikaniuma na hasira ikanipanda. Usiku walipolala, niliichukua ile kengele nikaipandisha juu ya kabati refu, nyuma ya masanduku ya kofia. Asubuhi Memsahib aliitafuta, akauliza, nikasema labda imepelekwa kung'arishwa. Alilazimika kuniita kwa jina wiki nzima. Kisha akanunua nyingine dukani mjini, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Lakini wiki hiyo naikumbuka mpaka leo kwa furaha.

Sasa basi. Leo nimevaa miwani ya baba yako, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mchwa wameyala maneno ya chini, lakini picha ni nzima. Msichana yupo, nywele zake zipo, mkono uko pembeni mwa shavu. Nekesa, hajashika paja. Ameshika kengele.

Nimeangalia mara nyingi, nimekipeleka kitabu dirishani, nimekigeuza. Ni kengele ya mkono, ya kahawia, yenye mpini, kama ile ya Memsahib kabisa. Amefungua mdomo kwa sababu anaita mtu. Na yule wa mlangoni tuliyesema ni shangazi amekuja kula, hakuja kula. Aproni ni ya kazi. Ameitwa, amefika, amesimama pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, nusu ndani na nusu nje. Utoto wangu wote nilijiona kwenye kile kiti cha mwisho wa meza, na kumbe nilikuwa nimechorwa mlangoni.

Niliumia, sikufichi. Niliona kama yule msichana alikuwa akinicheka siku zote hizo. Nikafikiri: nikimpa Nekesa kitabu hiki atakifungua kwenye garimoshi, atasoma Kiingereza chake, na kila nilichomjengea kitaanguka kabla hajafika Nakuru.

Nikakichukua kikiwa wazi, nikaenda nacho jikoni. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda, manyoya mpaka kwenye nyusi. Ninakuandikia kwa Kiswahili, lakini tulisema kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu maneno yake yanauma zaidi.

Nilimwuliza, "Mama, kwa nini ulikifunga?" Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu nilipokuwa na urefu wa kuku jike, na lilitoka kwa ukali.

Hakuinua macho. "Nani alikuambia mimi nilikifunga?"

"Nilisikia kwa masikio yangu. Ukutani."

"Ukutani." Akang'oa manyoya kidogo. "Na Baba Mkubwa wako ulimsikia alichosema kabla yangu?"

"Sauti zenu zilichanganyika."

"Hukumsikia. Alisema wasichana wote watoke shule, waje shambani, kwa sababu shule ndiyo imekufundisha kuiba nyama ya wanaume. Na wenzake wote wakasema ndiyo. Baba yako akatazama chini. Mimi nikaona, wakishamaliza hapa, wewe utaolewa kabla hujajua kuandika jina lako. Walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira lazima umpe kitu aondoke nacho. Nikawapa kitabu."

Nikakaa chini, juu ya kuni.

"Kitabu tu hakikuwatosha," akaendelea. "Baba Mkubwa wako akasema: huyu mtoto amejifunza kwa mama yake, labda na yeye hula kwa siri. Nikawaapia. Nikasema, nyinyi wazee mnaonisikia hapa, siku zote mtakazoishi, hamtasikia kwamba nimeonja kuku. Wakaridhika. Kesho yake ukaenda shule."

Nekesa, mama yangu hakuwahi kumwonja kuku kabla ya siku ile wala baada yake. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani Sirisia na kumcheka. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, siku hizi watu wameamka," nikijipangusa mafuta mdomoni mbele yake makusudi, naye akinisogezea maji ya kunawa. Kila herufi unayosoma hapa aliinunua yeye kwa njaa yake, na mimi nimemfanya adui katika hadithi niliyokulea nayo. Nililia kwenye zile kuni. Aliniacha nikalia, kisha akasema moshi utanidhuru macho.

Nikamwuliza kitabu kimefikaje kwake bila kuoza.

"Si ni mimi niliyekuwa nikifagia kanisa? Nilikuwa napanda juu ya benchi kila msimu, nafukuza mchwa. Sasa wanaweka mabati, nyasi zote zimeshuka, nikakichukua." Akafuta mikono, akasogea kukitazama. Macho yake hayaoni vizuri tena. Akaweka kidole juu ya yule msichana. "Huyu ndiye aliyetuletea kesi. Lile paja aliloshika, alilimaliza?"

Niliangalia kidole chake juu ya ile kengele. "Alilimaliza, mama," nikasema. "Mpaka mfupa."

"Vizuri," akasema, akarudi kwa kuku wake.

Nimerudi hapa kitandani na nimefikiri sana. Wewe nimeona nikuambie kweli yote, kwa sababu una miaka mingi mbele yako na utakutana na kengele nyingi. Hospitalini zitakuwapo. Mgonjwa akipiga, nenda mbio. Anayeumwa ana haki ya kukuita kwa chochote alicho nacho mkononi. Ila akitokea mtu mzima anayepiga kwa kuchezea, kabati refu halikosekani mahali popote.

Na hadithi yetu nimeipima upya, nikaona bado inasimama. Mchoraji alichora kengele, sawa. Lakini watoto wa Sirisia waliangalia ile picha wakaona msichana anakula, na mwanamke wa mlangoni anakaribishwa mezani. Tulikosea kila kitu, na ninafurahi tulikosea. Tungejua kuisoma sawasawa siku ile, mimi ningejifunza kusimama mlangoni mapema zaidi, basi. Nilichokosea kweli ni kumhukumu mama yangu kwa maneno machache niliyoyasikia kupitia ukuta, na kukaa nayo mpaka nikawa na mvi. Wewe pia umenisikia mimi kupitia ukuta. Mwaka ule niliokukatalia kwenda Bungoma na kwaya ulininunia mpaka sikukuu, na najua bado unayo moyoni. Sababu ipo. Ukirudi likizo niulize, usingoje uzee kama mimi.

Nilikuwa nataka kumaliza hapo, lakini Kukhu ameniita. Kuku ameiva. Ameniamuru nifunge paja moja kwenye karatasi na kulitia katika kikapu chako cha njiani, kwa sababu msafiri hubebeshwa nyama, na wewe ndiwe msafiri wa kwanza mwanamke katika nyumba yetu. Nikafunga. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: "Baba Mkubwa wako tulimzika lini?"

"Baada ya mavuno, mama. Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Na wale wengine?"

Nikawataja mmoja mmoja, wazee wote waliokuwa kanisani Jumapili ile. Wote wako chini ya udongo. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akatikisa kichwa taratibu. "Nilisema siku zote watakazoishi," akasema. "Sikusema zangu." Akaniambia nitoke na nirudishe mlango.

Nimetoka. Lakini mlango wetu wa jikoni unaujua, haufungi vizuri, na mimi sijaacha tabia yangu ya ukutani. Nimechungulia. Mama yangu amekaa kwenye kigoda, ameshika mfupa kwa vidole viwili, mkono uko pembeni mwa shavu, mdomo uko wazi.

Kitabu nimekitia sandukuni, chini ya sweta, na barua hii iko kwenye ukurasa wa mwisho; mkirudi nitakuonyesha, uisome kabla hatujala. Kesho garimoshi likianza kwenda, niinulie mkono wako dirishani kama kawaida yetu; Kukhu atakuwa amesimama kando yangu, mwinulie na yeye. Baba yako mwambie leo aridhike na firigisi na kidari. Paja moja ni lako. La pili asiliulize.

Mimi niliyekuzaa na ninayekuonea fahari,
Mama yako